Mbula Aliyekataa Kuchoma Kichaka

Upande wa juu wa shamba la Mbula, nje kidogo ya soko la Zombe, kulikuwa na kipande ambacho jembe halikuwahi kukigusa. Udongo mwekundu, mgumu kama sakafu, na migunga michache iliyokonda. Humo waliishi buibui wakubwa wa shimoni, wenye manyoya ya kahawia na miguu minene. Kila mmoja alikuwa na shimo lake la mviringo, kuta zake zimefunikwa kwa utando mweupe. Jua likipoa ungemwona mlangoni, ametulia tuli, akingoja panzi apite karibu.

Mbula aliwazoea tangu alipoolewa. Mmoja aliwahi kumng'ata akiokota kuni. Mkono ulivimba, ukamuuma sana, kisha akapona.

"Nilimwekea mkono mlangoni kwake," alisema. "Wewe ungefanya nini?"

Mumewe alipofariki, miaka ya themanini ikianza, shemeji yake Mulei alianza kukitamani kipande kile. Hakusema anakitamani. Alisema buibui wale si wa kawaida. Mbuzi wake alipokufa akila majani huko, alizunguka soko zima akidai Mbula anafuga wadudu wa uchawi. Kanisani watu wakaacha kukaa benchi moja naye. Jumapili moja mzee wa kanisa, Kisilu, alimwita mbele.

"Mama Kavata, piga magoti tukuombee, uache hayo mambo."

"Mambo gani?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui. Nikipiga magoti nitakuwa nimekubali. Niombeeni nikiwa nimesimama."

Hakuna aliyeomba. Mbula akachukua Biblia yake, akapita mbele ya kwaya, akatoka.

Siku chache baadaye Mulei alikuja na vibarua wawili, majembe, na debe la mafuta ya taa. Walitaka kumwaga mafuta mashimoni, wachome, halafu walime. Mbula alikuwa akipepeta mbaazi. Aliweka ungo chini, akapanda juu, akaketi katikati ya mashimo na kunyoosha miguu.

"Toka hapo, shemeji. Hawa wadudu wataua watu."

"Tangu niolewe hapa wameua nani? Mtaje."

"Mbuzi wangu."

"Ulimpasua ukaona? Mulei, unataka shamba. Sema hivyo, hawa wasikie."

Mulei aliinamisha debe, mafuta yakatiririka mpaka yakalowesha gauni la Mbula. Hakusogea.

"Haya, washa," alisema. "Kiberiti si unacho?"

Kibarua mmoja, Kivuva, alimpokonya Mulei lile debe. "Mimi niliitwa kulima. Sikuitwa kuchoma mtu." Akaweka jembe begani, akaondoka, na mwenzake akamfuata. Mulei alibaki peke yake, mwishowe naye akaenda zake. Hakumsalimia Mbula tena maisha yake yote.

Kanisani mle Mbula hakurudi tena. Bintiye Kavata, aliyeolewa Matiliku, alimsihi ahamie kwake.

"Nihame nimwachie nani?" alimjibu.

Uzee ulipomfikia, aliwaita wazee wa ukoo kwa chifu, Kavata akiwa ubavuni mwake. Alisema shamba lote ni la binti yake, na kipande cha juu kisiguswe. Wazee wakaguna: tangu lini binti aliyeolewa akapewa ardhi?

"Guneni," Mbula alisema. "Lakini mmesikia."

Na mwishowe Kavata ndiye aliyelichukua shamba.