Mbunge wa Bi Tatu

Bi Tatu hakubisha hodi kwa Wanyamwezi hata siku moja. Akifika Ipuli alisimama barabarani akapaza sauti: "Enyi wapagazi, mpo?" Alikuwa Mzaramo, na Wazaramo ni watani wa Wanyamwezi tangu enzi za misafara ya wapagazi; aliolewa Igalula, na mumewe alipofariki akabaki hukohuko akiuza karanga stesheni. Benedikta, mwenye nyumba aliyoijia, alikuwa akicheka kabla hajamwitikia.

Mume wa Benedikta, Erasmus, alikuwa mwandishi. Riwaya zake zilisomwa shuleni nchi nzima. Wazee wa chama waliwahi kumwomba agombee ubunge, akakataa. Bi Tatu hakuukubali uamuzi huo. Kila alipokuja aliendeleza visa vya Erasmus aliyekuwa mbunge, akimwita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa wiki hii kalala bungeni, kakoroma mpaka Spika kaahirisha kikao."

Mara Mheshimiwa amepeleka lami Ipole, mara ameoa mke wa pili, mnene, wa Dodoma. Erasmus alicheka hadi akafuta machozi.

Kisha figo zikamwua. Siku ya mazishi Bi Tatu akavaa koti na miwani ya marehemu, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa mbele ya jeneza, kama watani wafanyavyo.

"Ndugu wananchi! Ningekuwa mbunge, mngenipeleka India kwa ndege. Mwandishi mmemwachia mkeka!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Benedikta akainuka, akamvua lile koti kwa nguvu.

"Toka kwangu!"

Kicheko kikakatika. Mtani hafukuzwi msibani. Bi Tatu akaivua miwani, akaiweka taratibu juu ya jeneza, akaenda zake.

Hakurudi tena. Nyumba ikawa na kimya cha kuumiza masikio. Erasmus wa kaburini alikuwa ameondoka, hilo Benedikta alilijua. Lakini yule wa Bi Tatu alikuwa hai bado, yuko Dodoma anakoroma, na yeye amemfukuza mtu pekee aliyekuwa na habari zake.

Masika yalipokwisha akapanda treni kwenda Igalula, na jogoo wa kuomba radhi mkononi. Alimkuta Bi Tatu kitandani, amebaki mifupa.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Jogoo mwenyewe kakonda kama aliyemleta."

Benedikta alikaa ukingoni mwa kitanda. Maneno ya kuomba radhi aliyoyapanga njia nzima hayakutoka. Badala yake akauliza, "Mheshimiwa anaendeleaje?"

"Sijui. Nilimwacha kwako."

Basi Benedikta akajaribu mwenyewe. Mheshimiwa amejenga zahanati. Anaamka alfajiri, anawasikiliza wajane. Hajawahi kuchelewa kikao...

"Huyo malaika, siyo mbunge. Mtie dhambi kidogo."

"Sijui kutania, dada."

"Miaka yote hiyo nakufundisha!" Bi Tatu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Benedikta akamnywesha maji, akamfuta kidevu kwa ncha ya kanga. Hawakumtaja tena Mheshimiwa.

Treni ya kurudi ikapiga honi. Benedikta akampa mkono wa kuaga, na Bi Tatu akaushikilia.

"Ukisikia nimekufa, usije ukakaa pembeni kunililia kama mgeni. Njoo unitukane, tena kwa sauti."