Vibao vya Bi Tatu vilivyokuwa jikoni

Siamini bado kwamba Bi Tatu hayupo. Wiki imepita na usingizi sipati. Msibani walisema ni majonzi. Ni hofu, jamani.

Kwa wasiomjua, alikuwa mchoraji wetu hapa Mtunda tangu ujana wake. Alichora kwa rangi, na alichonga picha kwenye vibao vya mkoko, akavipaka wino na kuchapa kwenye karatasi. Mashine hana, anakandamiza kwa mgongo wa upawa. Miaka tisa nilikuwa msaidizi wake.

Siku ya kwanza nilimkata pua mama wa watu kwenye kibao, na oda ni ya kesho. Akaniangalia weee. "Haya mwanangu, umeshamlemaza. Kibao hakina kufuta." Tukachapa hivyo hivyo, na mteja akaipenda.

Mwaka wa mafuriko alipakia vibao kwenye mtumbwi kwanza, godoro baadaye. Godoro likalowa. Mwezi mzima alilala mkekani, wala hakunung'unika.

Vibao alivitunza jikoni uani, kwenye uchaga juu ya moto, moshi uvikinge na wadudu. Vilikuwa vyeusi tii kwa wino na masizi.

Siku ya khitima wapishi waliniita, "Dada, kuni zimetuishia." Nilikuwa nimeinamia simu, najibu meseji za pole. Nikasema, "Zipo jikoni kwake, chukueni."

Mkoko unawaka vizuri. Pilau liliiva mapema, na mimi nikala.

Jioni nilikwenda kurudisha sufuria, nikakuta uchaga mtupu. Kwenye majivu kilibaki kibao kimoja, wanawake wanapanda mpunga, kimeungua upande. Nimekifunga kwa khanga, kipo chini ya kitanda changu.

Mwanawe, Rehema, anakuja kesho kutoka Dar kuvichukua. Nimemwandikia mara kumi, nikafuta. Namwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu.

Rehema mdogo wangu, najua unasoma hapa. Wapishi usiwalaumu, waliniuliza mimi. Vibao vya mama yako nimevichoma mimi.

Lala salama, Bi Tatu. Ungekuwepo ningekuja kukupigia magoti, ungenisema mpaka magharibi, kisha ungenimiminia chai. Sasa radhi yako nitaipata kwa nani?