Kuku wa Ukurasa wa Mwisho

Ukumbi mzima ulinicheka. Naanzia hapo hapo, maana nikianzia mbali nitajikuta nasimulia mambo matamu halafu nasahau kilichonileta.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja si mbali na Mnara wa Saa. Walikuwa wanazindua upya kitabu cha katuni cha Bwana Viraka, yule wa zamani, na kama wewe ni wa rika langu na umekulia Arusha, najua hapo ulipo umeshatabasamu. Wanaume wazima wenye vitambi na mvi walikuja na makoti waliyoyashonea viraka vya rangi. Mmoja alibeba pampu ya baiskeli, kwa sababu Bwana Viraka hakuwa na bunduki wala kisu. Wezi aliwakamata kwa pampu na maneno. Tulikumbatiana na watu tusiojuana. Nilifurahi, sikatai.

Kisha mzungumzaji, kijana msomi aliyetoka Dar, akaumulika ukurasa wa mwisho ukutani, mkubwa kama mlango wa gereji. Bwana Viraka amemaliza kazi, mwizi amekaa chini, mwenye mali anauliza, "Nikupe nini, bwana?" Naye anajibu, "Nipe loshoro. Wali nimeuchoka."

Yule kijana akasema neno hilo loshoro limewasumbua sana wataalamu. Huenda ni fumbo la mchoraji. Huenda maana yake ni uhuru. Mama mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti, "Uhuru gani baba, ni chakula hicho! Mahindi na maziwa mgando!" Watu wakaangua kicheko, na yule kijana, hodari wa maneno, akadaka palepale: "Basi oneni jinsi mchoraji wetu mkuu alivyowapenda watu wa Arusha!" Makofi hayo. Watu wakasimama.

Na mimi nikasimama. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mwenyewe sikuitambua, "Ukurasa huo hakuuchora yeye. Kauchora dada yangu."

Jamaa mmoja mwenye koti la viraka akajibu, "Na mimi Mnara wa Saa kaujenga babu yangu!"

Basi. Hapo watu walipiga mapaja. Mzungumzaji akaninyooshea kiganja kama anayetuliza ng'ombe: "Mzee wangu, tutakusikiliza baadaye." Hiyo baadaye mpaka leo haijafika, ndiyo maana naandika. Mimi shule niliishia darasa la sita na leo nashona viti vya magari Sombetini, kwa hiyo usitegemee maneno ya mapambo. Ila niliyoyaona niliyaona.

Tulikulia Levolosi, mimi na dada, kwa bibi yetu. Dada alinizidi miaka minne. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na ua ambao wakati wa masika uligeuka uji mweusi, na asubuhi ukichungulia nje, Mlima Meru haupo, umejifunika, kisha saa nne unajitokeza kama mtu aliyechelewa kanisani. Bibi alikuwa mtu wa huko juu, upande wa Momela. Ndugu zake wakishuka sokoni walimletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, na harufu ile ya moshi na mgando bado inanijia nikiwa nimeinamia kiti cha gari la mtu. Alitwanga mahindi kwenye kinu mpaka yavue maganda, akayachemsha nusu siku, akayaacha yapoe, ndipo akayachanganya na maziwa na kuyaponda kwa mwiko. Tukimzonga alisema, "Loshoro haina haraka. Mwenye haraka akale mkate." Mkate wenyewe haukuwepo.

Gazeti la Bwana Viraka lilikuja na basi kutoka Dar, likauzwa kwenye duka la kona. Sisi hatukuwa wa kununua. Tulisubiri lichakae. Mwenye duka, na huyu ndiye wa kwanza ninayemtaja kati ya wenye makosa, alikuwa na tabia moja: magazeti yasiyouzika aliyachana kufungia chumvi, na alianzia nyuma. Kila siku karatasi moja, mbili. Tulipoyapata sisi, kurasa za mwisho zilikuwa zimeondoka na chumvi za watu. Ndugu yangu, fikiria. Watoto wa Levolosi tulimjua Bwana Viraka kuanzia kofia mpaka kiatu, lakini hatukuwahi kujua hadithi yake hata moja iliishaje. Yuko juu ya paa, ngazi imeanguka, wezi watatu wanamjia, na hapo pana alama ya mkono uliochana.

Dada ndiye aliyesema, "Kama mwisho haupo, tuutengeneze." Alichukua karatasi nyeupe za nyuma ya kalenda ya kanisani, akabandika ukurasa wa gazeti kwenye kioo cha dirisha, akafuatisha pua, kofia, viraka, mpaka mkono wake ukazoea. Baada ya miezi michache hakuhitaji dirisha. Alichora kwa penseli, akakolezea kwa kalamu ya wino, kisha akaushona ukurasa wake kwenye gazeti kwa uzi mweusi wa bibi. Ukifumba jicho moja usingejua.

Miisho yake haikuwa na kipigo. Mwizi alikaa chini akalishwa, na Bwana Viraka, mtu wa pwani, akaomba loshoro. "Wali nimeuchoka"! Sisi tuliokula wali Krismasi, na Idi tukiletewa sahani na mama jirani fundi cherehani! Tulicheka mpaka bibi akatoka na mwiko kuuliza nani kafa.

Sasa kuku. Bibi alikuwa na tetea mmoja mwekundu aliyependa kuingia ndani dada akichora. Siku moja akakanyaga karatasi kwa miguu ya matope, pale pembeni chini. Mimi nikalia, maana kazi ya siku mbili imeharibika. Dada akaangalia ule unyayo, akauzungushia mstari, akaongeza mkia, akaongeza kishungi, ukawa kuku anayeondoka, ametupa mgongo. Toka siku hiyo kila mwisho wake ulikuwa na kuku kwenye kona. Jumamosi watoto walijaa uani kwetu, dada anasoma kwa sauti akifuata maneno kwa kidole, na huo ndio ukawa ualimu wangu, kusoma nilisomea kidole chake. Akifika mwisho, kabla hajafunga gazeti, uwanja mzima unapiga kelele: "Kukuuu!" Maana yake imeisha, nendeni makwenu. Mpaka kwenye michezo mingine ikawa hivyo. Mpira ukiisha, kuku. Ugomvi ukiisha, kuku. Kama kuku hajatajwa, ugomvi bado upo.

Wa pili ni mwalimu wa nidhamu. Alilikuta gazeti kwenye mkoba wangu. Akauliza, "Nani kachora huu upuuzi?" Naomba usome taratibu hapa, kwa sababu wa tatu ni mimi. Sikupigwa hata fimbo moja. Sikutishwa sana. Aliniuliza mara moja tu, nikamtaja dada yangu. Nilifikiri, Mungu ananijua, nilifikiri atasifiwa. Alikuwa darasa la saba. Mwalimu akamsimamisha mstarini mbele ya shule nzima, akamwambia anyooshe mikono. "Mikono ya kuchora wahuni." Akaichapa mpaka ikafura, kisha akamfukuza, asirudi bila mzazi.

Mzazi alikuwa baba mdogo, na huyu ni wa nne. Alikuja na baiskeli yake, akakaa, akanywa chai ya bibi, akasikiliza, akasema, "Kama shuleni anachora kuku, basi akafuge kuku." Watu wazima walicheka. Ni maneno ya kuchekesha kweli, hata sasa ukiyasema kwa watu watacheka. Wiki ile ile dada akapelekwa juu, upande wa Momela, kwa ndugu za bibi, na huko ndiko alikoolewa, akalima, akazaa, akazeekea. Mtihani wa darasa la saba wenzake waliufanya bila yeye. Hakuwahi kuchora tena. Magazeti yote, yale yenye uzi mweusi, aliniachia mimi. "Nitunzie," alisema. Neno moja tu.

Nikayatunza. Nilihama nayo vyumba sita, yakifungwa kwenye mfuko wa saruji, mpaka Sombetini. Panya hakuyagusa. Mvua haikuyagusa. Kilichoyafikia ni adabu.

Huyu wa tano jina lake lipo kwenye jalada la kitabu kipya, chini, "Amekusanya fulani," kasome mwenyewe. Miaka michache nyuma alikuja kibandani kwangu. Kasikia kwa mteja kwamba nina Bwana Viraka wa zamani. "Shikamoo kaka mkubwa," akaniambia, na mvi zetu zinalingana. Akaketi kwenye kiti kibovu bila kupangusa, akanywa chai yangu. Akayakumbuka mambo yote, ngazi, paa, pampu, tukacheka kama tumesoma pamoja. Alipofika ukurasa wa mwisho kidole chake kikapita juu ya uzi mweusi. Kikarudi. Akaniangalia.

"Hapa pameshonwa?"

"Dada yangu," nikasema. "Kurasa zilikuwa hazipo. Alichora yeye."

"Alijitahidi," akasema. "Kaka, nayapiga picha tu, wiki ijayo yamerudi."

Kwa hiyo alijua. Nilimwambia kwa mdomo wangu. Wala sikumuuliza dada, mwenye mali. Nilimpa na mfuko wake, na mpaka leo hayajarudi. Ukinicheka, una haki.

Baada ya ule uzinduzi nilikipeleka kitabu juu. Nilifika asubuhi makusudi. Dada ana presha ya macho. La kulia limekwisha kufa, la kushoto limebakiwa na mwanga wa asubuhi tu, na daktari amemwambia wazi kwamba nalo linaondoka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umeniletea sukari au maneno?"

"Vyote."

Alikaa kizingitini, jua likimpiga ubavuni, akaisogeza ile karatasi nzuri mpaka ikagusa kope. Nilitaka alie, nikubali kosa. Nilitaka akasirike ili nipate mwenzangu wa hasira. Akacheka. "Hii pua niliikosea. Nilijua tangu siku ile." Akapitisha jicho taratibu, mstari kwa mstari, kama mtu anayechambua mchele. "Loshoro wameiacha palepale," akasema.

"Hawakuijua ni nini. Wangeijua wangeifuta."

Alikuwa amefika kona ya chini. Akakigeuza kitabu kwenye jua. Akapapasa kwa kidole, kile kile kilichonifundisha kusoma, sasa kimepinda.

"Kuku yuko wapi?"

Mimi sikuwa nimeona. Wiki nzima nimekasirikia jina, kuku sikumwona. Pale kwenye kona palikuwa peupe, safi, pamesafishwa.

"Mdogo wangu, macho yangu au hayupo?"

"Hayupo, dada."

"Kwa nini wamfute? Kuku alikuwa na kosa gani?"

Nikamwambia twende kwa mwanasheria, nikamwambia nitarudi kule ukumbini na pampu. Akaninyamazisha kwa mkono. "Jina langu watu hawalijui, likiandikwa watasoma nini? Lakini kuku, wale watoto wa uani wakimwona watajua." Akafunga kitabu, akaenda kumwaga pumba.

Kushuka toka kule niliitazama Levolosi yetu. Ile nyumba haipo, pamesimama ghorofa ya vyumba vya wageni. Duka la kona sasa wanauza simu. Kinu cha bibi sijui kipo kwa nani. Loshoro unaipata kwenye sherehe, wanaipakua kwa vijiko vya plastiki kama maonyesho. Watoto wa uani wametawanyika, wengine wamekufa, na naamini baadhi walikuwa kwenye ule ukumbi, wamevaa viraka, wakinicheka, bila kujua kwamba mwisho waliokuwa wanaushangilia walishawahi kuushangilia wakiwa na kamasi puani.

Mwenye duka amekufa. Mwalimu amekufa, baba mdogo amekufa, na marehemu hajibu. Mimi nimejibu hapa, nimejitaja, nimeweka kosa langu katikati na makosa ya wenzangu. Umebaki wewe, mkusanyaji, wewe uliyekunywa chai kibandani kwangu. Sikuulizi kuhusu sifa. Kusahau jina la mtu ningekuelewa, binadamu husahau. Lakini kufuta kuku lazima umwone kwanza. Ulikaa, ukamtazama, ukajua ni wa mtu, ndipo ukamfuta.

Nijibu, na unijibu mbele ya watu wale wale: ulimfuta kwa nini? Na lini utamrudisha, maana jicho la dada yangu halina muda wa baadaye yenu. Kuna mtu anaamka kila asubuhi kule juu na kuusubiri mwanga. Mpaka aione kona ile na kuku wake ametupa mgongo, usiseme hadithi ya Bwana Viraka imeisha. Huku kwetu, kuku hajatajwa, ugomvi bado upo.