Profesa Sadiq na Kifo cha Malkia

Sadiq Marjan hajawahi kuvuka mpaka wa Uganda, lakini hilo halijamzuia kumfundisha kazi mtunzi mmoja wa muziki aliyeko Ulaya. Humfundisha kila Jumamosi baada ya alasiri, kwenye baraza la duka lake la kushona kanzu pale Kasubi, Kampala, mguu uko kwenye cherehani na pini ziko mdomoni. Mtunzi mwenyewe, Bwana Torvik, kwa bahati mbaya hana habari kwamba ana mwalimu.

Ugomvi wa hapo ni Kizazi cha Radi, filamu ya Wazungu yenye muziki wa Torvik, iliyokwisha kutoa sehemu sita, na ya saba iko njiani. Nani aiongoze? Nani aitungie muziki? Ungewasikia wanavyobishana ungedhani huko ng'ambo kamera zimezimwa, watu wamekaa juu ya masanduku wakingoja Kasubi itoe uamuzi. Jemadari wa upande wa waongozaji ni Ondiek, Mkenya anayeuza pampu za maji, mtu wa sauti kubwa na shati la kuchomekea. Kwa Ondiek filamu ni mwongozaji. Muziki ni chumvi tu.

"Basi leo kale samaki bila chumvi, kesho uje utusimulie," Sadiq humjibu, na baraza zima hucheka.

Akiona bado anazidiwa, hukimbilia sehemu ya pili, pale malkia anapokufa. Hutema pini, hufumba macho, akauimba bila maneno ule wimbo wa maombolezo toka mwanzo hadi mwisho. "Wapiga fidla mia moja, Ondiek! Mia moja! Nimewahesabu kwa sikio hili." Hapo hata Ondiek hutoa leso, maana wimbo ule humliza kila mtu, na yeye humliza kuliko wote. Ndiyo maana wakampa Sadiq jina la Profesa.

Usicheke. Jina hilo ndilo kitu pekee alichonacho ambacho hakukirithi. Baba yake alipofariki, alitolewa shule darasa la sita akakalishwa kwenye cherehani ya marehemu, na kwa miaka thelathini na mitano watu wamemwuliza swali moja tu: kanzu itakuwa tayari lini? Barazani wanamwita Profesa na wanamsikiliza. Mtu akimnyang'anya hilo, amebaki na uzi na sindano.

Basi mnyang'anyi akaja Jumatano, tena akitabasamu. Alikuwa Nabwire, muuguzi mmoja kutoka Busia, ameleta kanzu ya kaka yake ipunguzwe kwa ajili ya kwenda kujitambulisha ukweni. Akasikia habari za wapiga fidla mia.

"Kwenye kifo cha malkia? Pale mbona hakuna muziki, mzee?"

Sadiq akamcheka kwa huruma, kama mtu anavyomcheka mtoto anayesema mwezi unamfuata. Nabwire hakubishana. Alitoa simu, akampa vipokea sauti vya masikioni, akamwekea filamu yenyewe halisi, isiyotafsiriwa. Malkia akaanguka. Sadiq akangoja fidla. Upepo ukavuma. Akakigonga kile kidude cha sikio kwa kidole. Upepo ukaendelea kuvuma dakika mbili nzima, malkia akakata roho, na Bwana Torvik hakuthubutu kupiga hata filimbi.

"Mwongozaji ndiye aliyekataa muziki," Nabwire alieleza kwa uchangamfu wa watu waliosoma. "Nimesoma mahali. Jumamosi nitakuja na spika wote wasikie, watafurahi!"

Watafurahi! Sadiq alifunga duka mapema, akaenda nyumbani kusimulia. Mkewe, Hindu, ambaye kwa miaka yote hiyo amekuwa akiita baraza lile bunge la wasio na kazi, alimsikiliza, akamaliza kukuna nazi yake, akasema, "Mficha uchi hazai. Si uende ukamwulize aliyeitafsiri?"

Kwa maana filamu hiyo, Sadiq na wenzake wote waliijua kwa tafsiri ya Okullo. Zamani zile Okullo alikuwa vijei, yaani yule mtu anayekaa kwenye kibanda cha video na kipaza sauti, akiigeuza filamu nzima kwa Kiganda huku akiongeza viungo vyake. Kwa mujibu wa Okullo, malkia wa Radi alikuwa na shangazi kule mtaa wa Kawempe. Diski zake zilienea Kampala nzima, na hakuna aliyezilalamikia isipokuwa, labda, ukoo wa malkia.

Alhamisi Sadiq akamkuta hukohuko Kawempe, anauza mkaa mbele ya kile kilichokuwa kibanda chake, ambacho siku hizi ni kanisa la walokole.

"Ah, pale!" Okullo alisema, mikono myeusi hadi viwikoni. "Banange, pale walitaka kuniua! Filamu ilinyamaza, watu wakadhani sauti imekatika, wakaanza kupiga mabenchi. Nikavuta kinanda changu nikapiga. Nilipotengeneza diski nikauacha ule wimbo humohumo."

"Ulipiga wimbo wa nani?"

"Wangu. Ulikuja palepale. Mama alikuwa amefariki mwezi ule." Okullo alikulia kambi ya polisi Nsambya, baba yake alikuwa koplo, na kinanda alikijulia kanisani.

"Na wale wapiga fidla mia?"

"Kuna kitufe cha fidla, ssebo. Unabonyeza tu."

Sadiq alikaa juu ya gunia. Aliona haya, kisha akaona furaha ya ajabu, kwamba kwa miaka kumi na mitano alikuwa amemlilia mama wa mtu, tena wa jirani. Akamshika Okullo mkono na mkaa wake. "Jumamosi uje. Nitawaambia wote. Wallahi nitawaambia." Alijua anachokitoa, na alikuwa tayari kukitoa.

Okullo alikuja. Alifunga biashara, akaoga, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alisimama karibu na cherehani, mikono nyuma, kama mtu anayengoja cheti.

"Sikilizeni," Sadiq akasema. "Mimi si profesa wa kitu. Wimbo wa malkia si wa Torvik. Ni wa huyu mzee hapa, Okullo vijei. Alitunga mwenyewe."

Walicheka mpaka mmoja akakohoa. Nabwire akawasha spika yake, malkia akaanguka. Kimya.

"Chaji imekwisha hiyo!"

"Kopi ya wizi!" alisema bwana mmoja ambaye nyumbani kwake hakuna kopi isiyo ya wizi.

Nabwire akaeleza, akaapa, akaongeza sauti. Upepo ukavuma kwa nguvu zaidi. Ungedhani Ondiek atashangilia, maana mwongozaji wake ndiye aliyeshinda. Thubutu! Ondiek alikuwa ameulilia wimbo ule kwa miaka mingi, tena hadharani.

"Mwongozaji wangu hawezi kuacha malkia afe kimya kama kuku," alisema. "Profesa, unyenyekevu ni mzuri bana, lakini usituchezee."

Okullo akajikohoza, akaimba bila maneno mistari miwili ya wimbo wake. Sauti ilikuwa imeharibiwa na vumbi la mkaa.

"Eh, mzee anaujua!" mtu akamsifu.

"Nani asiyeujua?" akauliza Ondiek. "Mzee, sogea kidogo, unamziba Profesa. Haya Profesa, tuendelee."

Okullo akasogea mpaka ukutani. Nabwire alizima spika, akamtazama Sadiq aone atasema nini.

Sadiq alitaka kusema mara ya pili. Lakini baraza zima lilikuwa limemgeukia yeye, na alijua kwamba akirudia, wakamwamini, hawatamgeukia tena.

"Torvik," akaanza, "kosa lake katika sehemu ya sita ni haraka." Okullo alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa kwa heshima, kama wengine.