Mvinyo Nilioukomaza Mashineni

Shule niliacha darasa la nne, na leo nina mashine mbili za kukoboa mpunga Ubaruku na ghorofa Mbeya mjini. Sijui kushindwa. Basi niliposikia watu wanakuja kutoka Iringa kumposa binti yangu Tumaini, nikanunua mvinyo mwekundu, ule mzito wa bei kali.

Tumaini alinisihi, "Baba, nakuomba, siku hiyo usijisifu. Baba wa mchumba wangu ni mtu wa kupima maneno."

Mimi nimelelewa na ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi unauacha wazi siku mbili tatu, unakomaa, unakuwa mkali. Nikazibua chupa zote, nikaziacha wiki nzima kwenye stoo ya mashine, chini ya bati.

Wageni walipoketi nikamimina mwenyewe. "Karibuni. Mbeya nzima hakuna anayejua mvinyo kama mimi."

Mzee wa Iringa, baba wa kijana, alinusa, akaonja, akaweka glasi chini. "Mwenzangu, mimi nimetunza ghala la mvinyo la misheni miaka ishirini. Huu umekuwa siki. Ulifunguliwa lini?"

Hapo ningekiri, tungecheka yakaisha. Lakini ndivyo nilivyo.

"Sasa hivi, mzee! Kabla hamjaingia."

Akaingiza kidole kwenye glasi, akatoa ganda la mpunga, akaliweka mezani mbele yangu. Tumaini akajifunika uso kwa kanga.

Mshenga wao alikuwa ameshaishika barua ya posa. Nikamwona anaikunja, anairudisha mfukoni.