Nyama ya Damu Hotelini

Apa kwanza kuwa hutasema. Mimi pia niliapa, na sasa ona, naandika gazetini.

Jirani yangu wa Majengo alitaka kuuzia viazi ile hoteli kubwa ya Nyeri waliyoiacha Wazungu. Meneja mpya, mtu wetu, akatualika chakula cha mchana. Nyama ikaja nene, inatoka damu.

"Wakubwa hula hivi," meneja akasema, huku akisukuma yake pembeni.

"Ati wakubwa hawana kuni?" Jirani akainuka na uma, akachoma nyama yake kwenye moto wa kuota uliokuwa ukumbini. Mwanamke wa ajabu huyo! Nikafunika uso: viazi vimekwenda.

"Mama, songa kidogo. Na Jumatatu ulete viazi."

Nikachungulia. Ukumbi mzima ulimkodolea macho meneja, amechuchumaa motoni na nyama yake kwenye uma.