Mraba wa Malerato

Siku hizi watu wa mjini wakifika hapa kijijini Ha Seotsa hupiga picha kuta zetu na kuziita mapambo. Mapambo! Mimi Mapuleng nawacheka kimoyomoyo, maana nilikuwa mjinga kuwashinda.

Nilipoolewa hapa, ukuta uliosifiwa ulikuwa wa Malerato, mke wa kaka yake mume wangu. Mwenyewe alikuwa mkimya, ila mkono wake ulisema. Alikanda udongo na mavi ya ng'ombe, akakandika, na kabla haujakauka akauchora kwa uma wa kulia chakula, mraba kwa mraba, kama shamba lenye matuta. Mwaka ambao mumewe alikawia kurudi kutoka migodini, matuta yote yalielekea barabarani. Baba mkwe alipofariki, Malerato aliupaka masizi na hakuchora kitu. Kijiji kizima kiliuelewa.

Lakini mraba mmoja, karibu na mlango, aliuacha mtupu kila mwaka.

Krismasi yangu ya kwanza alichora asubuhi, kisha akaenda kisimani. Mimi na kimbelembele changu nikasema maskini, mkubwa wangu kachoka, kasahau. Nikachukua uma, nikaulima ule mraba vizuri kabisa, nikasimama kungoja sifa. Akarudi, akatua ndoo, akautazama. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Aliingia ndani akafunga mlango, na sikukuu ile hatukula pamoja.

Mama mkwe ndiye aliyenifumbua macho. Kwetu bibi harusi hupewa jina la mtoto hata kabla hajabeba mimba. Mimi niliitwa Mapuleng, yaani Mama Puleng, tumbo likiwa tupu, na mwenzangu Malerato, Mama Lerato. Lerato wake alizaliwa, akaishi siku tisa, na hakuna aliyemsikia mama yake akimlilia.

"Ule mraba ndio kilio chake," mama mkwe akaniambia. "Na wewe umepitisha jembe juu yake."

Nilitamani ardhi inimeze. Mvua ikifuta mchoro sisi huwa tunashukuru, tunajua waliotangulia wamesikia, na mwaka ule hakuna aliyeiomba mvua kama mimi. Ilinyesha Januari. Malerato akachora upya na mraba mtupu ukarudi, lakini kwangu alibakiza salamu tu.

Mwaka uliofuata nikajifungua. Puleng wangu alizaliwa kimya, akazikwa bila kulia hata mara moja. Wanawake walikuja na pole zao, utapata mwingine, na kila aliyeniita Mama Puleng alinichoma upya. Nami nikaitikia, nikameza.

Siku moja asubuhi nikasikia mtu anapiga udongo ukutani kwangu. Kutoka nje, namkuta Malerato, tope hadi viwikoni. Alikuwa amekandika ukuta wote na kuulima wote, isipokuwa mraba mmoja kando ya mlango. Akanipa uma.

"Huu ni wa Puleng, mdogo wangu. Asiulime mtu."

Hapo ndipo nililia. Naye akanishika kwa mikono yake ya tope, akalia pamoja nami, kilio chake cha miaka yote.

Nilizaa wengine wanne. Malerato alishafariki, na ukuta wangu sasa una miraba miwili mitupu, wa Puleng na wa Lerato. Mjukuu akisema, "Bibi, umesahau hapa," namnyang'anya uma.